Joto la mgodini ni akiba ya mwamba

Chukua mita moja ya ujazo ya graniti, uzito wake ni kama kilo 2,700, na kila kilo inataka kama juli 850 ili ipande digrii 1, zidisha hapo unapata kama juli milioni 2.3. Hewa nayo, kilo moja inataka kama juli 1,005 tu kupanda digrii hiyo hiyo 1. Kwaiyo hiyo mita moja ya mwamba ikipoa digrii 1, joto lililotoka linatosha kupasha digrii 1 hewa ya karibu mita za ujazo 1,900. Elfu moja mia tisa! Na handaki halijazungukwa na mita moja ya mwamba, limezungukwa na mwamba pande zote, juu, chini, kushoto, kulia, hauna mwisho.

Naanza na hesabu hii mana mimi mambo ya hewa ya mgodini ndio kitu ninachokifikiria kuliko kitu kingine chochote, na swali ninaloulizwa sana ni moja, joto lote lile linatoka wapi? Na mtu anapouliza unakuta jibu anakuja nalo mwenyewe, kwamba chini ya dunia kuna moto, tunausogelea, basi. Kina cha mgodi kweli kinahusika, ila lile joto linaloingia handakini leo halijapanda leo kutoka kwenye kiini cha dunia. Joto linalopanda kutoka chini kuja juu kwenye mabara ni dogo mno, wastani wake ni kama wati 0.065 kwa kila mita ya mraba. Sasa handaki la graniti lenye nusu-kipenyo cha mita 2, mwamba ukiwa digrii 50 na hewa digrii 30, baada ya mwaka mzima tangu lichimbwe bado linatoa kama wati 16 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Hiyo ni zaidi ya mara mia mbili ya kile dunia inachoweza kukileta kutoka chini. Kinachotoka hapo ni akiba, joto lililokaa ndani ya mwamba miaka mamilioni bila pa kwenda, wewe umetoboa tundu umeingiza hewa ya baridi, basi akiba imeanza kumwagika kuelekea kwako.

Ukishaelewa kwamba ni akiba maswali yote yanabadilika. Hauulizi tena "tuko kina gani" peke yake, unauliza akiba iliyo karibu na ukuta imebaki kiasi gani, inatoka kwa kasi gani, na kitu gani kinaibeba.

Kina tukimalize kwanza. Kwenye sehemu nyingi za dunia joto la mwamba linapanda kama digrii 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka, lakini huo ni wastani tu. Eneo la Witwatersrand kule Afrika Kusini linapanda kama digrii 10 hivi kwa kilomita, wakati mwingine kidogo juu au chini ya hapo, na ndio mana watu wameweza kushuka mpaka karibu kilomita 4 kwenye mgodi wa Mponeng, ambako mwamba unazidi digrii 60. Sehemu yenye mpando wa digrii 30 kwa kilomita ungekutana na hizo 60 ukiwa hata kilomita 2 hujafika. Sasa mfano wa upande wa pili kabisa ni Naica, Mexico, lile pango la fuwele kubwa lililogunduliwa mwaka 2000, liko kama mita 300 tu chini ya ardhi lakini hewa yake ilikuwa karibu digrii 58 na unyevu karibu ujae, sababu huko chini yake kuna magma imekaa. Mita 300 dhidi ya kilomita 4, na joto ni lile lile. Na hata wataalamu wakubwa wanapigwa na mshangao, lile shimo la Kola kule Urusi lililofika mita 12,262, walitegemea wakute kama digrii 100 wakakuta 180.

Kwanini Witwatersrand mpando ni mdogo? Sababu mojawapo ninayoipenda sana ni kwamba mwamba wa kule ni kwatzaiti, na kwatzaiti inapitisha joto vizuri, kama wati 5 hadi 6 kwa mita kwa digrii, wakati graniti iko kama 3 na miamba ya udongo mgumu wenye matabaka kama 2. Mwamba unaopitisha joto vizuri hauhitaji tofauti kubwa ya digrii ili joto lile dogo la dunia lipite, kwaiyo mpando unakuwa mpole. Haya, sasa geuza upande wa pili, ule ule upitishaji mzuri uliokusaidia kushuka kina kirefu ndio unaoleta joto ukutani haraka ukishatoboa handaki! Mwamba uliokuruhusu kushuka kilomita 4 ni huo huo unaomwaga akiba yake kwa kasi kubwa kuliko mwingine. Ndio tabia yake, inabidi uikubali yote.

Sasa umri wa ukuta, hapa ndio penyewe hasa na ndipo watu wengi hawapaangalii kabisa. Siku umelipua na mwamba mpya umeonekana, ukuta wote una joto asilia la mwamba, tuseme 50. Hewa inapita, ngozi ya ukuta inapoa fasta, na joto la nyuma yake linaanza kusogea kuja mbele. Baada ya siku moja ule ubaridi umeingia ndani kama sentimita 33 hivi, baada ya mwaka mita 6 na kitu, baada ya miaka 10 kama mita 20. Unaona unavyozidi kwenda ndivyo unavyochelewa, mana umbali unakua kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani ili ubaridi uingie mara mbili zaidi inabidi usubiri mara nne zaidi. Na lile tabaka lililopoa linageuka kuwa blanketi kati ya hewa na mwamba wa moto ulioko nyuma, joto lazima lipite humo kwanza ndio likufikie.

Kwa lile handaki langu la mfano, graniti, nusu-kipenyo mita 2, tofauti ya digrii 20, nikichukulia uso wa ukuta una joto sawa na la hewa, hesabu inatoa kama wati 31 kwa mita ya mraba baada ya mwezi, 16 baada ya mwaka, 10 baada ya miaka 10. Siku ya kwanza nadharia inatoa zaidi ya 100, ingawa hapo kwa uhalisia ngozi ya hewa iliyogusana na ukuta inabana kidogo kwaiyo haitafika huko. Angalia umbo la hizo namba. Mwanzo zinaanguka kwa kishindo, alafu zinakataa kushuka. Kutoka mwaka 1 hadi mwaka 10 umesubiri miaka tisa umepunguza kama theluthi tu. Ndio mana handaki kuu la zamani bado linatoa joto, watu wanashangaa wanasema mbona hapa pamechimbwa zamani sana, sawa, lakini mkia wa hesabu ni mrefu, na ukiwa na kilomita nyingi za handaki za zamani ule mkia mdogo unajumlishwa unakuwa mkubwa.

Upande wa pili, sehemu ya mwisho ya handaki, pale panapochimbwa leo, ndipo ukuta mpya kabisa, akiba haijaguswa, hakuna blanketi. Na ndipo watu wako! Wafanyakazi wapo pale pale ambapo mwamba ni mchanga kuliko wote, na hewa imeshasafiri njia nzima ikikusanya joto, inafika pale imechoka. Hiki kitu kinaniuma kila ninapoona mchoro wa mgodi ambao unaonyesha kina kwa rangi nzuri nzuri lakini hauonyeshi tarehe kila kipande kililipuliwa lini.

Hesabu zenyewe sio za jana. Goch na Patterson walichapisha majedwali yao mwaka 1940 kule Afrika Kusini, ya joto linaloingia kwenye handaki la duara kulingana na umri wake, kabla ya kompyuta, na yametumika miaka mingi sana mpaka programu zikachukua nafasi. Fikiria mtu anakaa anakokotoa zile fomula ngumu kwa mkono na mashine ya hesabu ya kuzungusha ili injinia mwingine asilazimike. Mimi nawaheshimu sana watu wa namna hiyo.

Sasa feni. Mtu akisikia joto anasema ongeza hewa, ongeza kasi. Iko hivi. Joto likitaka kutoka kwenye mwamba kuingia hewani linakutana na vizuizi viwili, cha kwanza ni mwamba wenyewe, cha pili ni ngozi nyembamba ya hewa iliyoshikamana na ukuta. Kwenye mfano wangu baada ya mwaka mmoja, kizuizi cha mwamba ni kama asilimia 93 ya jumla na cha ngozi ya hewa ni kama 7 hivi. Ukiongeza kasi ya hewa mara mbili unapunguza kile cha asilimia 7, wakati kile kikubwa hujakigusa. Jumla ya joto linalotoka ukutani inaongezeka kama asilimia 3 tu. Kwaiyo hewa nyingi haifanyi mwamba upoe haraka kama watu wanavyofikiri, mwamba unatoa kwa ratiba yake.

Lakini usije ukazima feni kwa kusoma hapo! Hewa nyingi inasaidia kwa sababu nyingine, joto lile lile linagawanywa kwa kilo nyingi zaidi za hewa. Kilomita moja ya lile handaki ikiwa na mwaka mmoja inatoa kama kilowati 200. Ukipitisha hewa kilo 50 kwa sekunde, na kuta zikiwa kavu, hewa inapanda kama digrii 4 au pungufu kidogo. Ukipitisha kilo 100 kwa sekunde inapanda kama 2. Shida ni kwamba umeme wa feni unapanda kwa mchemraba wa kiasi cha hewa, ukitaka hewa mara mbili kwenye njia ile ile unalipia umeme mara nane, na umeme wote huo wa feni nao unaishia kuwa joto ndani ya hewa ile ile unayotaka iwe baridi. Ndio mana kuna mahali inafika lazima uweke mitambo ya ubaridi, feni peke yake haitoshi.

Nimesema kuta kavu, na kwa kweli kuta kavu kabisa ni za kubahatisha, kwaiyo tuje kwenye maji. Hapa naomba usome taratibu mana hapa watu wanaumia.

Ukuta ukiwa umelowa joto la mwamba halipashi hewa moja kwa moja, linageuza maji kuwa mvuke. Zile kilowati 200 zingeenda zote kwenye mvuke zingekausha kama lita 300 za maji kila saa. Ukiangalia kipimajoto cha kawaida unaona joto halijapanda sana, unaweza hata ukaona limeshuka, mana kila gramu 1 ya maji inayokauka ndani ya kilo 1 ya hewa inashusha joto kavu kwa karibu digrii 2.4. Mtu asiyejua anafurahi. Lakini joto halijapotea, limejificha kwenye mvuke, na mwili wa binadamu unaliona vizuri sana kwasababu sisi tunajipoza kwa jasho kukauka, na jasho halikauki kwenye hewa iliyoshiba mvuke. Ndio mana kwenye mgodi wenye joto kipimo cha maana ni kile cha kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, mie nakiita joto bichi. Migodi ya Afrika Kusini imezoea kuanza tahadhari joto bichi likifika 27.5 na kusimamisha kazi likifika 32.5. Kipimajoto kikavu kinaweza kusoma 33 na mahali pakafanyika kazi, na kwingine kikasoma 33 hiyo hiyo na mtu akaanguka, tofauti ni unyevu.

Alafu kuna kitu hakionekani, mnururisho, yaani joto linaloruka kutoka uso mmoja kwenda mwingine bila kubebwa na hewa. Paa kavu la handaki na sakafu iliyolowa hazigusani, ila paa ni la moto na sakafu imepozwa na maji yanayokauka, kwaiyo paa linatuma joto kwa mnururisho moja kwa moja mpaka sakafuni na sakafu inalitumia kukaushia maji zaidi. Sakafu iliyolowa inakula joto la mwamba ulioko chini yake na la kuta zote zinazoiona. Wengi wanahesabu sakafu kama robo ya ukuta wanasema ah robo tu ndio imelowa, kumbe robo hiyo inafanya kazi kubwa kuliko eneo lake.

Na maji yenyewe yakitoka kwenye nyufa za mwamba yanatoka na joto la mwamba. Hayo ni hatari kuliko ukuta, kwasababu hayana blanketi, hayangoji umri, kila sekunde yanakuja mapya na joto lote. Migodi ya Comstock kule Nevada, Marekani, miaka ya 1870 walikutana na maji ya moto mpaka wakawa wanashusha barafu ili wachimbaji waweze kukaa chini. Mtaro wa wazi wenye maji ya digrii 50 unaotembea pembeni ya njia ya hewa safi ni kosa la usanifu, nalisema bila kusita. Yafunike au yatie kwenye bomba mapema, karibu na yalipotokea, na bomba ulivishe kizuia joto. Ni kazi rahisi kabisa ukilinganisha na kujenga mtambo wa ubaridi. Maji baridi nayo yakipelekwa kwa makusudi yanasaidia sana, kwenye handaki la reli la Simplon kati ya Uswisi na Italia, lililochimbwa kuanzia 1898, mwamba ulifika karibu digrii 55 na walikuwa wananyunyizia maji ya baridi mwambani na hewani ili watu wafanye kazi.

Kifusi nacho. Ukishalipua umechukua mwamba uliokuwa mzima umeuvunja vipande vidogo vyenye uso mkubwa mno, hakuna tena mita 6 za kusubiri, kila kipande kinapoa kwa masaa. Tani moja ikipoa digrii 20 inatoa kama megajuli 17, zidisha kwa tani zote za zamu. Na wanapomwagia maji kuzuia vumbi (lazima wamwagie, vumbi la mawe linaua mapafu) yale maji yanabeba lile joto na kulitia hewani kama mvuke. Yakiwa maji yaliyopozwa yanameza sehemu kubwa ya hilo joto kabla halijafika hewani. Kwaiyo joto la maji ya kumwagia sio jambo dogo la kupuuza.

Mtu ataniuliza, si tupake ukuta kitu cha kuzuia joto? Kihesabu inafanya kazi kweli, povu la plastiki la sentimita 5 lina uzuiaji mkubwa kuliko ule mwamba wote uliopoa mwaka mzima, na ukilipaka siku za mwanzo faida ni kubwa zaidi kwasababu hapo mwamba hauna blanketi lake bado. Lakini Septemba 1986 mgodi wa Kinross, Afrika Kusini, moto wa kuchomelea ulishika povu la poliyurethani lililopakwa handakini, moshi wa sumu ukaua watu 177. Kwangu mimi hiyo inatosha. Kitu kinachoungua hakipakwi mahali ambapo watu wanapumua hewa ya njia moja. Zege jepesi la kunyunyizia halina uzuiaji mzuri kiasi hicho lakini haliungui, na kama lazima uchague chagua hilo.

Kuna joto moja ambalo mwamba husingiziwa. Hewa ikishuka kwenye shafti, lile shimo la wima la kushukia mgodini, inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake na inapanda karibu digrii 9.8 kwa kila kilomita kama hakuna maji ya kukauka njiani. Hiyo ipo hata mwamba ungekuwa baridi. Shafti ya kilomita 3, digrii karibu 30 zimeingia kabla ya kugusa handaki lolote. Kwaiyo ukipima hewa juu na chini ya shafti alafu tofauti yote ukaiandikia mwamba, umekosea hesabu yote inayofuata.

Na kwenye shafti hiyo hiyo mwamba unafanya jambo ambalo ni zuri. Mchana hewa ya juu ni ya moto, ikishuka inakutana na kuta zilizopozwa na hewa ya usiku, kuta zinachukua joto. Usiku hewa ya baridi inashuka kuta zinarudisha. Wimbi la mchana na usiku linaingia kwenye mwamba kama sentimita 20 hivi kabla halijafifia sana, wimbi la kiangazi na kipupwe linaingia kama mita 3 na nusu. Matokeo yake hewa ya chini haiyumbi kama ya juu. Ukipima mara moja tu saa nane mchana ukasema hili ndilo joto linalotoka kwenye mwamba, inawezekana saa ile mwamba ulikuwa unameza joto badala ya kutoa!

Waliotumia hii tabia vizuri kuliko wote ninaowajua ni mgodi wa Creighton, Sudbury, Kanada. Kuna shimo kubwa la wazi la zamani limejaa vifusi vya mawe, wakawa wanavuta hewa ya mgodi ipite katikati ya hayo mawe. Kipupwe hewa ya baridi kali inapita inapata joto kutoka kwenye mawe, na mawe yanapoa. Kiangazi hewa ya moto inapita kwenye mawe yale yale yaliyopoa, inaingia mgodini ikiwa baridi. Msimu mmoja unalipia mwingine, bila mtambo wa gesi wa kupasha wala wa kupoza kwa kiasi ambacho wangehitaji. Na huo ni mgodi ambao ndani yake, kwenye kina cha kilomita 2 ambako mwamba ni kama digrii 42, kuna maabara ya fizikia ya SNOLAB. Mwamba ule ule ambao huku chini ni adui, kule juu wameufanya ghala. Nikiiwaza hii nafurahi kweli, mana wametumia fizikia ile ile, akiba, uso mkubwa wa mawe yaliyovunjika, muda, hawakuongeza kitu kigeni.

Migodi ya kina zaidi haina bahati hiyo, Mponeng wanashusha barafu yenyewe kwenye bomba. Kwanini barafu na sio maji baridi? Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka na kupanda mpaka digrii 30 inameza kama kilojuli 460, kilo 1 ya maji ya digrii 5 ikipanda mpaka 30 inameza kama 105. Yaani kwa joto lile lile unapandisha juu maji yaliyotumika kama robo tu, na kupandisha maji kilomita 3 au 4 ndiko kunakokula umeme. Alafu maji yanaposhuka tu bila kutumika nayo yanapata joto kama digrii 2.3 kwa kilomita, kwaiyo maji uliyoyapoza kwa gharama juu yanafika chini yameshapungua ubaridi, labda uyapitishe kwenye tabaini (mashine inayozungushwa na maji) yachukuliwe nguvu hiyo njiani.

Sasa yote haya yanasimama juu ya namba moja ambayo lazima uipime mwenyewe, joto asilia la mwamba wako. Na haipimwi kwa kushika ukuta, ukuta umeshapoa ndani ya masaa. Unatoboa tundu refu, mita 10 au zaidi, kwenye mwamba uliolipuliwa karibuni, unasukuma kipimajoto mpaka mwisho unaziba mdomo wa tundu, alafu unasubiri, mana drili nayo imeleta joto la msuguano na maji yake yamepoza. Unasoma mpaka namba itulie. Ukifanya hivyo kwenye vina viwili vitatu una mpando wa kweli wa mahali pako.

Ukishakuwa na hiyo, chukua ramani ya mgodi andika kwenye kila kipande cha handaki tarehe kilipolipuliwa, aina ya mwamba, na sehemu gani imelowa. Hivyo vitatu tu. Vipande vyenye chini ya miezi michache vipake rangi moja, vya zaidi ya mwaka rangi nyingine, mitaro ya maji ya moto rangi yake. Ukimaliza utaona kwa macho hewa inapita wapi kabla ya kufika kwa watu, na mara nyingi sana utakuta inapitishwa kwenye vipande vipya na vilivyolowa wakati ilikuwa inawezekana kuipeleka kwa njia ya zamani iliyokauka. Kubadilisha njia hiyo kunaweza kuhitaji milango miwili na ukuta mmoja wa kuziba.